Sura Moja Tu Ndiyo Mbaya

Najua nimekuwa kimya. Kuna mteja aliyetaka mfumo wake wote wa stoo ubadilishwe kabla ya mwisho wa mwezi, nami nikakosa usingizi wiki tatu. Sasa nimepumua. Leo sina habari za seva wala za programu, nina historia tu, kwa hivyo aliyekuja kutafuta dawa ya tarakilishi yake anisamehe, arudi wiki ijayo.

Yote yalianza kwa kitabu cha mitumba. Mnawajua wale wauza vitabu wanaotandaza mali yao chini kando ya barabara hapa Nairobi, mpaka uiname ndipo uchague. Niliinama nikaliona jina la Martin Gardner, nikalipa bila hata kupatana bei.

Kwa sisi waandishi wa programu Gardner ni kama babu. Kwa takriban miaka 25 aliandika safu ya hesabu za kujifurahisha katika jarida la Scientific American la Marekani. Oktoba 1970 ndiye aliyewaletea wasomaji mchezo wa Game of Life uliobuniwa na John Conway, ule ambao wengi wetu tumeuandika tukijifunza lugha mpya. Agosti 1977 ndiye aliyeutangazia ulimwengu njia ya RSA ya kufunga siri, kabla wenyewe walioibuni hawajaichapisha katika jarida la wataalamu. Nilidhani nimenunua kitabu cha mafumbo ya hesabu. Kumbe nimenunua kitabu cha watu wanaouza sayansi bandia.

Kinaitwa Fads and Fallacies in the Name of Science. Kilianza kama makala mwaka 1950, kikawa kitabu mwaka 1952 kwa jina la In the Name of Science, hakikuuzwa sana, kisha mwaka 1957 kampuni ya Dover ikakitoa upya kwa jina hili refu. Ndani mna kila aina ya kiumbe. Wamo wanaosema dunia ni bapa na wanaosema iko tupu ndani. Wamo watafuta maji kwa kijiti chenye panda, wasoma tabia kwa mwandiko, na Lysenko aliyeharibu elimu ya urithi wa viumbe huko Urusi kwa msaada wa serikali. Yumo Wilhelm Reich na sanduku lake ambalo mgonjwa aliketi ndani kukusanya nguvu aliyoiita orgone. Yumo L. Ron Hubbard na dianetiki yake. Wamo pia matabibu wa homiopathi na wale wa kunyoosha uti wa mgongo.

Lakini kilichonishika ni dibaji ya toleo la 1957. Humo Gardner anaeleza barua alizopokea kutoka kwa wasomaji wa toleo la kwanza.

Barua kali kuliko zote zilitoka kwa wafuasi wa Reich. Hasira yao ilikuwa nini? Kwamba mwalimu wao amewekwa kitabu kimoja na upuuzi kama dianetiki! Wafuasi wa dianetiki nao waliona vivyo hivyo, ila wao upuuzi ulikuwa ni orgone. Watu wa homiopathi walitukanika kuwekwa pamoja na wanyoosha uti wa mgongo. Mnyoosha mgongo mmoja wa Kentucky akamwandikia kumwonea huruma. Karibu wote walilalamikia sura moja tu. Sura nyingine, walisema, ni nzuri sana.

Nilicheka peke yangu barabarani. Hebu fikiria: msomaji ana akili timamu, amesoma kurasa mia tatu, ameona wazi jinsi kila mtu anavyojidanganya, ameitikia kwa kichwa sura baada ya sura. Halafu anafika kwenye sura yake.

Wengine hawakuandika barua. Kulikuwa na kipindi cha redio cha usiku kucha huko New York, cha Long John Nebel, na wageni wake walikishambulia kitabu hicho mara kwa mara. Gardner alisema baadaye kwamba mashambulizi hayo ndiyo yaliyokiuza. Na Reich mwenyewe hakuishi kuliona toleo la 1957 likienea. Alifia gerezani Novemba mwaka huohuo, kwa kukaidi amri ya mahakama iliyomzuia kusafirisha masanduku yake. Amri hiyo ilifanya hata vitabu vyake vichomwe moto. Masanduku sawa, lakini kuchoma vitabu kulikuwa ujinga, tena uliwapa wafuasi wake kitu cha kulilia hadi leo.

Nilicheka, nimesema. Kisha nikafika sura ya macho.

Dkt. William Bates alikuwa daktari wa macho wa New York. Mwaka 1920 alitoa kitabu akidai kwamba miwani haihitajiki, kwamba lenzi ya jicho haina kazi yoyote katika kuvuta picha karibu au mbali, na kwamba macho hupona kwa mazoezi: kuyafunika kwa viganja, kuyapepesa, hata kuyaelekeza juani. Mwandishi Aldous Huxley aliyeamini mazoezi hayo aliandika kitabu kizima kuyasifu mwaka 1942. Gardner anamvunjavunja Bates kwa utaratibu. Lenzi hubadilika umbo, jambo hilo limepimwa, basi.

Sasa mimi, wasomaji wangu, niliwahi kuyafanya mazoezi hayo. Miezi minne. Niliyachapisha kutoka mtandaoni nikayabandika ukutani juu ya tarakilishi, na kila saa nilifunika macho kwa viganja kama mtoto anayecheza kibe. Niliposoma sura hiyo nilikuwa nimevaa miwani, maana bila miwani nisingeiona, na bado nilijikuta natunga jibu kichwani: huyu Gardner hakuelewa vizuri, kupumzisha macho kuna faida yake, mimi mwenyewe nilihisi nafuu. Barua yangu ilikuwa karibu tayari. Kitabu kingine chote kizuri sana.

Hapo nikaanza kutafuta kama watu wamekuwa hivi tangu zamani. Sura iliyonipa jibu ni ya daktari mwingine, Albert Abrams wa San Francisco.

Abrams hakuwa kichaa wa mtaani. Alikuwa daktari aliyesoma Ujerumani, mwenye heshima mjini. Miaka ya 1910 alianza kudai kwamba kila ugonjwa una mtetemo wake wa umeme. Tone la damu la mgonjwa, lililokaushwa kwenye karatasi, liliwekwa ndani ya sanduku, na waya ukapita hadi kwenye paji la uso la mtu mzima wa afya aliyesimama kifua wazi akitazama magharibi. Daktari akagongagonga tumbo la huyo msaidizi, na kwa sauti ya mgongo wa kidole akajua mgonjwa ana nini na wapi. Alidai hata kuijua dini ya mwenye damu. Kisha kulikuwa na sanduku la pili la kutibu. Hilo halikuuzwa, lilikodishwa kwa madaktari wengine, limefungwa, kwa sharti moja: usilifungue.

Sharti hilo lisome tena. Kwetu sisi tunaofanya kazi na programu, mtu anayekuambia usifungue amekwisha kukuambia kilichomo.

Daktari mmoja alituma tone la damu kupimwa kwa mbinu hiyo. Majibu yakarudi: malaria, kisukari, saratani na kaswende. Damu ilikuwa ya jogoo.

Oktoba 1923 Scientific American (ndiyo, jarida lilelile la Gardner, miaka mingi kabla yake) lilianza uchunguzi uliochapishwa mwezi baada ya mwezi hadi Septemba 1924. Lilifanya jambo ninalolipenda sana: liliwaomba wasomaji wapendekeze majaribio. Mfuasi mmoja wa ngazi ya juu wa Abrams, aliyeitwa Dkt. X, akakubali kupimwa. Akapewa vichupa 6 vyenye vijidudu mbalimbali avitambue kwa mashine. Akakosa vyote 6. Akaviangalia tena, akalalamika kwamba vibandiko vimeandikwa kwa wino mwekundu, na mitetemo ya wino huo imevuruga mashine. Wakamtolea vibandiko hivyo, wakamwekea vingine visivyo na ubaya. Akakosa tena.

Ungedhani mambo yameisha. Kwa akili yangu ya kazini ningedhani hivyo: umeonyesha kosa, umeonyesha hatua za kulirudia, mtu mwingine akilirudia analiona, faili inafungwa. Lakini matokeo yalipochapishwa ndipo vita vya barua vilipoanza, watetezi upande huu, wapinzani upande ule. Mtetezi mashuhuri kuliko wote alikuwa Upton Sinclair. Huyu ndiye aliyeandika The Jungle mwaka 1906, kitabu kilichofichua uchafu wa viwanda vya nyama vya Chicago, na mwaka huohuo Marekani ikapitisha sheria za ukaguzi wa nyama na za vyakula na dawa. Hakuna aliyemdanganya Sinclair kuhusu soseji. Lakini mwaka 1922 alikuwa amekwisha kukaa katika kliniki ya Abrams, kuangalia kwa macho yake, na kuandika makala ya kuisifu kama nyumba ya maajabu. Alikuwa ameona watu wakitoka wakisema wamepona. Kwa mtu aliyezoea kuamini wanyonge dhidi ya wakubwa, daktari mmoja anayepigwa vita na chama kizima cha madaktari alionekana kuwa upande wa haki.

Abrams alifariki Januari 1924 kwa homa ya mapafu. Masanduku yalipofunguliwa zilionekana nyaya na vipande vya umeme vya kawaida, vimeunganishwa kwa namna isiyo na maana. Hukumu ya kamati ya jarida ilikuwa kwamba mbinu hiyo, ukiihurumia sana, ni njozi, na usipoihurumia ni ulaghai mkubwa. Kampuni za masanduku hazikufa naye.

Msidhani ni mambo ya mababu. Rukeni miaka 85 mwende Iraki. Pale Baghdad askari wa vizuizini walikuwa na kidude kiitwacho ADE 651, mpini wa plastiki wenye antena inayoyumba. Hakina betri, ilisemekana hupata nguvu kwa mtu kutembea. Kilidaiwa kunusa mabomu kutoka mbali, na kila aina ya kitu ilikuwa na kadi yake ya kuchomeka. Muuzaji alikuwa Mwingereza, James McCormick, na asili ya mali yake ilikuwa kifaa cha dola kama 20 cha kutafutia mipira ya gofu iliyopotea. Iraki ililipa maelfu ya dola kwa kila kimoja. Oktoba 25, 2009, magari ya mabomu yalipita katika mji uliojaa vizuizi vya aina hiyo, na zaidi ya watu 150 wakafa.

Mwezi uliofuata gazeti la New York Times likachapisha habari ya kidude hicho. Jenerali Jehad al-Jabiri, mkuu wa kitengo cha mabomu, alimtaka mwandishi akijaribu mwenyewe ofisini kwake, bunduki na guruneti zikiwa wazi mbele yao. Mwandishi akajaribu mara mbili, antena haikugeuka. Polisi akajaribu, ikageuka kila mara. Jenerali akamwambia mwandishi kwamba anahitaji mafunzo zaidi.

Wino mwekundu, mnaona?

Januari 2010 BBC ilipeleka kadi moja ya kidude hicho katika maabara ya tarakilishi ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Dkt. Markus Kuhn akaifungua. Ndani mlikuwa na kibandiko kile cha kuzuia wizi madukani, kile kinacholia mlangoni usipolipa. Hakuna kumbukumbu ya kielektroniki wala chochote cha kuandikwa programu. Uingereza ikapiga marufuku kuvipeleka Iraki na Afghanistan mwezi huohuo. Jenerali alikamatwa mwaka 2011 kwa tuhuma za rushwa. McCormick alihukumiwa miaka 10 jela mwaka 2013. Na vidude? Viliendelea kuyumba vizuizini Baghdad mpaka Julai 2016, baada ya bomu la Karrada kuua mamia, ndipo waziri mkuu akaamuru viondolewe. Miaka 6 na nusu tangu kadi ifunguliwe.

Kuhusu jenerali, hela zinaeleza mengi. Lakini askari wa kawaida aliyesimama juani mbele ya gari asilolijua, yeye hakupata hongo. Angeshika nini mkononi?

Nitarudi kwa Gardner mara moja tu kisha niseme langu. Aprili 1975, kama mzaha wa siku ya wajinga, aliandika katika safu yake habari za uongo kwa uso mkavu, mojawapo ikiwa ramani ambayo eti haiwezi kupakwa kwa rangi chini ya tano. Zikaja barua zaidi ya elfu moja. Wasomaji waliketi na penseli zao wakaipaka kwa rangi nne wakamtumia. Ni watu walewale, akili zilezile. Ila ramani haikuwa imemtibu mama ya mtu.

Langu ni hili. Mwaka 2014 nilipigiwa simu na mwenye duka moja mjini, silitaji, nikamtengenezee tarakilishi. Alikuwa na ile mashine ya kupima mwili wote: mteja anashika kijiti cha chuma dakika moja, programu inachora michoro ya rangi, kisha inachapa kurasa za hali ya ini, figo, kongosho na kadhalika. Programu ilikuwa imekataa kufunguka. Nikaiweka upya. Kuijaribu, nikaandika umri na uzito wangu na kubonyeza kianzio. Kijiti kilikuwa mezani. Hakuna aliyekishika. Michoro ikachezacheza, dakika ikaisha, nikachapiwa ripoti kamili ya kongosho langu. Nikarudia, nikapata ripoti nyingine.

Nilifanya nini? Nilipokea shilingi 1,500 nikaenda zangu. Wateja watatu walikuwa kwenye benchi wakisubiri mashine ipone.

Ningeisahau kama si mjomba wangu, kaka yake mama. Ana kisukari. Miezi miwili baadaye alikuja kwangu na karatasi zenye michoro ileile na makopo ya unga, akaniambia kwa furaha amepunguza vidonge vya hospitali kwa sababu kongosho linaamka. Nilimwonyesha kila kitu. Nilimsimulia kijiti kilivyokuwa mezani. Nilimwambia hata habari ya jogoo, ambayo wakati huo nilikuwa nimeisoma mahali. Akacheka sana kwa jogoo.

"Hao ni matapeli," akasema. "Wamejaa, mpwa wangu. Lakini huyu alinipima nikiwa nimekaa pale, na akanitajia miguu kufa ganzi kabla sijasema."

"Mjomba, kila mwenye kisukari..."

"Na wewe ukutani mwako pale ni nini?"

Yalikuwa ni yale mazoezi ya macho. Alikuwa ameyacheka tangu siku ya kwanza. Alinieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto, kwamba macho ni macho, kwamba hakuna jicho lililopona kwa kufunikwa na mikono, na kwamba nimeanza kukunja uso nikisoma nambari za matatu. Kila alilosema lilikuwa kweli. Nikamjibu kwamba kuna daktari aliyeandika kitabu.

Tukaangaliana.

Yeye ndiye aliyetoa shauri: twende siku moja, mimi nipimwe macho, yeye apimwe sukari, na kila mtu asome namba za mwenzake kwa sauti. Tukaenda Jumamosi. Nilisomewa hasi 2.75 jicho la kulia na hasi 3 la kushoto, mbaya kuliko mwaka uliotangulia. Nikamsomea 17.4. Muuguzi alimtazama mjomba, akatazama kadi yake, akauliza vidonge vimeishia wapi. Mjomba hakutaja unga.

Alirudia vidonge jioni ileile, na mpaka leo anavimeza. Sukari yake imeshuka. Unga nao aliendelea kuukoroga kwenye uji kila asubuhi mpaka makopo yakaisha, na ukimuuliza kilichomsaidia atakwambia ni unga, vidonge vilisaidia kidogo. Nami kuna siku macho yakichoka navua miwani nikayafunika kwa viganja, dakika mbili hivi. Akinikuta hivyo anakohoa mlangoni.